Sura Iliyokosekana: Maradhi ya Nafsi, Siri na Tabibu katika Masimulizi ya Nairobi

Uhakiki wa fasihi nchini Kenya umezoea njia mbili za kuzipokea kazi zinazowasawiri wapenzi wa jinsia moja na watu ambao jinsia yao hailingani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Njia ya kwanza ni ya maadili: kazi huwekwa katika mizani ya dini na mila, huonekana imepungua, hutupwa kando. Njia ya pili ni ya haki: kazi hupokewa kama hati ya kiwakili, na mhakiki hugeuka shahidi. Kila njia ina watu wake na hoja zake. Hata hivyo, zote mbili zimelipita bila kulitazama jambo ambalo kazi zenyewe hulirudia kila mara, nalo ni maradhi ya nafsi. Wahusika hujifungia vyumbani, huacha masomo, hukosa usingizi, huombewa, hupigwa, na mara nyingine hutamani kufa. Je, ni nani anayewatibu? Na anapowatibu, huwa amesikia hadithi gani?

Maswali haya yanastahili kuulizwa na mwanafasihi kwa sababu tiba ya nafsi, tofauti na tiba ya mguu uliovunjika, huanza kwa masimulizi. Mgonjwa husimulia, tabibu husikiliza, na dawa hutegemea namna hadithi ilivyosimuliwa na ilivyofasiriwa. Penye masimulizi pana pia uteuzi, ukimya, kinaya na msimulizi asiyeaminika. Mambo haya ndiyo kazi ya idara za fasihi.

Kazi inayofaa kutangulizwa ni ya marehemu Binyavanga Wainaina. Mwaka 2011 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, One Day I Will Write About This Place. Januari 2014, alipokuwa akitimiza miaka 43, alitoa maandishi mafupi yenye anwani I Am a Homosexual, Mum, akayaita sura iliyopotea ya kitabu kile. Wahakiki wengi waliyasoma kama tangazo. Magazeti yaliripoti kuwa mwandishi fulani amejitangaza, na mjadala ukahamia mara moja kwenye siasa za wakati ule, ambapo Uganda na Nigeria zilikuwa zikipitisha sheria kali. Fani ya maandishi yenyewe haikupata msomaji makini.

Fani hiyo ni ya ajabu. Msimulizi anajisawiri akiwa kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, Julai 2000, akimnong'oneza siri yake kabla hajakata roho. Kisha anaivunja picha hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hayakutokea hayo. Mama alifariki mwana akiwa Afrika Kusini, wala hakuwahi kuambiwa lolote. Msomaji anapewa ungamo ambalo wakati huohuo ni taarifa kwamba hapakuwa na ungamo. Huu si mchezo wa kiufundi wa kujionyesha. Ni umbo la majonzi yenyewe: mtu hulipanga upya tukio lililompita, hulipa maneno, hulisahihisha, kisha hukubali kuwa hakuwapo. Wanaoshughulika na waliofiwa wanalijua umbo hili vizuri kuliko wahakiki wa fasihi.

Faida kubwa zaidi huonekana sura hii ya 2014 inaporudishwa mahali pake katika kitabu cha 2011. Katika kitabu kile mna kijana aliyekwenda Chuo Kikuu cha Transkei kusomea mambo ya biashara. Polepole anajifungia chumbani, haendi darasani, anasoma riwaya, anakwepa watu. Mwandishi anaisawiri hali hiyo kwa ustadi mkubwa, lakini msomaji wa 2011 alipewa dalili bila kupewa historia nzima. Alidhani yamkini ni uvivu wa ujana, au upweke wa ugenini, au kipaji kilichokuwa kikitafuta njia. Kila dhana ilikuwa na ushahidi wake kitabuni, lakini kila dhana iliegemea masimulizi yenye pengo.

Hapo ndipo msomaji wa 2011 na tabibu wanapofanana. Mtu anapoingia katika chumba cha ushauri nasaha mjini Nairobi na kueleza kuwa halali, hana hamu ya chakula, ameacha kazi, huwa anasimulia kitabu kilichotolewa sura moja. Mshauri hodari ataona huzuni na kuitibu kama huzuni. Pengine ataishauri familia imkalie karibu zaidi, na kumbe familia hiyo ndiyo anayoiogopa. Tiba itakuwa sahihi kwa kitabu kilichosomwa, na haitamfaa mwenye kitabu.

Tahadhari moja inahitajika. Sura iliyokosekana haielezi kila kitu. Mwandishi yule angeweza kuugua hata kama angempenda mwanamke, kwani binadamu huugua. Kuifanya siri ya mapenzi yake kuwa chanzo pekee cha kila jambo kungekuwa kurudi, kwa mlango wa nyuma, kwenye kosa la zamani la kuyaita mapenzi yenyewe ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi mwaka 1990, na katika toleo la orodha hiyo lililopitishwa mwaka 2019 hali ya jinsia kutolingana na mwili nayo ilitolewa katika sehemu ya maradhi ya akili. Kinachougua ni nafsi iliyokalia siri katika nchi ambayo vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, urithi wa sheria za Mwingereza, vinatishia kifungo cha hadi miaka 14. Wainaina alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo.

Nairobi ya Wainaina, hata hivyo, ni ya mtu wa tabaka la kati mwenye chumba, mlango na ufunguo. Kujifungia ni anasa. Ili swali la tiba liulizwe ipasavyo ni lazima lishushwe hadi mahali kama Kambi Muru.

Kambi Muru ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, na jina lake peke yake ni historia. Askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles walikaliwa na serikali ya kikoloni katika msitu ulioitwa kibra kwa Kinubi, na makazi yao yakachukua majina ya makabila walikotoka: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Kambi ni mahali pa kupita, mtu hukaa akingoja amri. Wanubi walingoja hadi Juni 2017 ndipo jamii yao ikakabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Leo vijiji hivyo vimejaa watu wa kila kabila, na nyumba ya kawaida ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kuta zake za udongo au mabati. Kikohozi cha jirani husikika. Katika mandhari ya namna hii siri haina pa kukaa, na ushauri nasaha, ambao kanuni yake ya kwanza ni faragha, unaingia ukiwa umekwisha kushindwa nusu. Hata mpango mzuri wa wahudumu wa afya ya jamii, uliotandazwa nchini kote mwaka 2023 kwa kiasi cha wahudumu 100,000, kila mmoja akihesabiwa kaya zipatazo 100, una tatizo hili: mhudumu ni jirani. Kwa mwenye kisukari ujirani huo ni baraka. Kwa kijana anayempenda kijana mwenzake, huenda huyo anayebisha mlangoni akiwa na mkoba ndiye rafiki ya mama yake wa kanisani.

Kibera tayari ina kisa chake kuhusu maradhi ya nafsi, nacho kimesimuliwa kwa Kiswahili. Filamu ya Soul Boy (2010), iliyoongozwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora, inaanza asubuhi moja ambapo mvulana Abila anamkuta baba yake amejikunyata pembeni, akinung'unika kwamba nafsi yake imeibwa. Mwanamke wa kimizimu aitwaye Nyawawa ndiye aliyeichukua. Abila ana miaka 14. Akisaidiwa na rafiki yake Shiku, anamtafuta Nyawawa usiku, anampata, na anapewa kazi saba za kutimiza ili baba arudishiwe nafsi.

Filamu hii imepokewa zaidi kama ngano ya watoto iliyovishwa nguo za mjini. Ni ngano kweli, na muundo wake wa safari, mtihani na marejeo unajulikana na kila mwanafunzi wa fasihi simulizi. Lakini tazama anachofanya Abila na asichofanya. Habishani na baba yake. Hamwambii kuwa nafsi haiibiwi, wala kwamba ajikaze kiume. Hata pale anapotia shaka, anainuka na kwenda kumtafuta huyo anayetajwa na mgonjwa. Anaichukua hadithi ya mgonjwa kama ilivyo na kuifanya ramani ya safari yake. Tiba ya Kibera, kadiri filamu inavyoisawiri, huanza kwa kumsadiki anayeugua. Tena inafanyika nje, vichochoroni, kwa miguu, kwa msaada wa mwenzi wa rika. Chumba chenye mlango hakihitajiki.

Filamu ya Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu inafaa kuwekwa ubavuni mwa hiyo, ingawa mandhari yake ni mtaa wa nyumba za ghorofa na si Kibera. Imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi wa wadi, wanapendana. Wanagunduliwa, wanapigwa na kundi la watu, wanapelekwa kituoni ambako wanadhihakiwa. Kisha mama yake Kena anampeleka kanisani akaombewe, pepo wamtoke.

Onyesho la maombi ndilo kitovu cha filamu kwa mtu anayeisoma kwa swali la tiba. Juu juu linafanana na kisa cha Soul Boy: kuna roho, kuna mtu anayedhaniwa kupungukiwa au kuvamiwa, kuna jamii inayokusanyika. Ukweli ni kwamba yanapingana kabisa. Katika Soul Boy mgonjwa ndiye aliyesema nafsi imeibwa, na jamii ikaamini. Katika Rafiki jamii ndiyo inayosema kuna pepo, na mgonjwa anatakiwa aamini. Kena hapewi nafasi ya kusema neno. Mikono imewekwa juu yake, sauti zimepanda, naye yumo katikati kama kitu. Kahiu, kwa sifa yake, hakumfanya mama kuwa katili. Ni mwanamke aliyeachwa na mumewe, ambaye kanisa ndilo lililomshika mkono, na anampeleka mwanawe mahali pekee alipopata nafuu yeye mwenyewe. Pale kuna upendo. Kisichokuwepo ni sikio. Baba yake Kena, kinyume chake, hana tiba yoyote ya kutoa. Anakataa tu kumlaumu bintiye, na ugombeaji wake unamponyoka. Katika kazi nzima yeye ndiye aliyekaribia zaidi kazi ya mshauri nasaha, na hakusomea.

Bodi ya Kuainisha Filamu ilipiga Rafiki marufuku Aprili 2018, wiki chache kabla ya kuonyeshwa Cannes. Mahakama Kuu iliruhusu Septemba mwaka huo ionyeshwe kwa siku saba. Miaka minne kabla, Stories of Our Lives ya kundi la The Nest, filamu tano fupi zilizotokana na ushuhuda wa watu waliohifadhiwa majina, ilikuwa imepata marufuku kama hiyo. Bodi ilidai kulinda maadili ya watazamaji. Ajabu ni kwamba mtazamaji aliyezuiwa ni pamoja na muuguzi, mchungaji na mshauri nasaha, watu ambao huenda hawana mahali pengine pa kuisikia hadithi hii kabla ya mwenye hadithi kuketi mbele yao.

Kuna suala la lugha, na hapa Idara za Kiswahili haziwezi kunawa mikono. Kazi zilizotajwa ama zimeandikwa kwa Kiingereza ama zinachanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Mgonjwa wa Kambi Muru atajieleza kwa Kiswahili. Je, atatumia neno gani? Shoga lilikuwa, na kwa wanawake wengi wa pwani lingali, neno la mapenzi mema baina ya marafiki wa kike. Likigeuzwa kuelekezwa kwa mwanamume huwa tusi. Hanithi limetoka Uarabuni likiwa na hukumu mgongoni. Msenge ni jiwe la kurushwa. Msagaji linataja kitendo na kumsahau mtu. Anayetaka kusema ukweli wake kwa lugha ya mama yake hulazimika kwanza kujitukana. Kwa hiyo hunyamaza, au hukimbilia Kiingereza, na Kiingereza chake kikiwa haba, basi hata maradhi yake huonekana haba. Neno rafiki, ambalo Kahiu alilifanya anwani, ndilo kimbilio la wengi: huyu ni rafiki yangu. Ni neno la heshima, lakini kwa tabibu asiyejua kusoma kati ya mistari halisemi kitu.

Upande wa maradhi nao lugha haijakaa sawa. Kamusi ina sonona, neno zuri ambalo mgonjwa wa kawaida halijui. Watu husema wana mawazo, wanafikiria sana, moyo umekuwa mzito. Wakizidi huitwa wenda wazimu, na kutoka mawazo hadi wazimu hapana ngazi ya katikati. Dodoso la hospitali lililotafsiriwa na mtu asiyejua kuwa mawazo ni jina la ugonjwa litampita mgonjwa akiwa amekwisha kujitaja.

Riwaya ya Kiswahili ingeweza kujenga ngazi hiyo, maana umbo la kisa inalijua tangu zamani. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, binti anachungwa kwa fimbo na baba asiyevumilia barua ya mapenzi. Kuchungwa kunazaa kuporomoka, kuporomoka kunazaa aibu, na aibu inaishia kwa binti kujiua. Kichwamaji (1974) nayo inamfikisha Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, kwenye mauti ya mkono wake mwenyewe. Katika tamthilia ya Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, Kitaru anaugua maradhi ambayo jamaa zake hawayapatii jina. Hawa si wapenzi wa jinsia moja, na haitakiwi walazimishwe kuwa. Lakini mfululizo wa ulinzi, siri, aibu na kifo ndio uleule. Anayekosekana katika riwaya hizi mbili ni mtu wa kusikiliza kabla ya kifo. Kezilahabi anaisikiliza kesi ya Rosa ahera, baada ya kila kitu kuwa kimekwisha. Hilo linaweza kusomwa kama falsafa, na limesomwa hivyo na wengi. Linaweza pia kusomwa kama shutuma kwamba duniani hapakuwa na baraza la kuisikia.

Sheria yenyewe ilikuwa ikimsubiri aliyenusurika. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hivi kwamba mtu aliyeokolewa aliweza kutoka kitandani na kuingia kizimbani. Chama cha Madaktari wa Akili nchini na Tume ya Haki za Binadamu walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Aliyejaribu kujiua kwa sababu ya siri ya mapenzi alikuwa akikabiliwa na makosa mawili kwa mpigo: akieleza sababu anajishtaki kwa la pili. Isitoshe, mwaka 2018 ndipo Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa ilipoharamisha uchunguzi wa lazima wa sehemu za siri ambao wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015 walikuwa wamefanyiwa na watu wa afya kwa niaba ya polisi. Hofu ya daktari, basi, haikutokana na ujinga wa mgonjwa.

Wachache zaidi katika fasihi hii ni wale ambao jambo lao si mapenzi bali jinsia. Stories of Our Lives inawagusa kidogo. Wainaina na Kahiu hawakuwalenga. Kisa kilicho bora kuwahusu kimo katika kumbukumbu za mahakama: mwaka 2014 Audrey Mbugua alilishinda Baraza la Mitihani, likaamriwa kubadilisha cheti chake kilichokuwa na jina la kiume. Mtu asiyeweza kuonyesha cheti hana kazi, na asiye na kazi hulipiaje matibabu? Mwandishi wa Kiswahili atakayelitazama jina katika cheti kama Shaaban Robert alivyoyatazama majina ya wahusika wake, kila moja likiwa hukumu juu ya mwenyewe, atakuwa na riwaya mkononi.

Rafiki ina onyesho moja karibu na mwisho ambalo limepita bila kujadiliwa vya kutosha. Miaka imekwenda. Kena, ambaye mwanzoni alitosheka na ndoto ya kuwa muuguzi hadi Ziki akamwambia aote zaidi, sasa ni daktari. Katika hadithi ya Arac de Nyeko msimulizi Anyango naye ni wa kazi ya kuuguza, na hadithi nzima ni barua kwa Sanyu anayerudi kutoka London. Kahiu ameichukua kazi hiyo na kuipandisha cheo. Mgonjwa wa Kena ni Mama Atim, mwenye kibanda, aliyekuwa mdomo wa mtaa wakati ule. Ndiye pia anayempasha habari kuwa Ziki amerejea. Wahakiki wameona hapa kisasi kitamu au msamaha wa Kikristo. Yote mawili yanatoshea. Ila kamera inaonyesha pia jambo la kawaida kabisa la zahanati: mwanamke mgonjwa amelala, daktari amesimama, kila mmoja anaijua sura iliyokosekana ya mwenzake, na inabidi mmoja wao aanze kuuliza panauma wapi.